Sauti ya Mnyonge na Njia ya Mnyonge: Uhakiki wa Kazi ya Remmy Ongala

Katika madarasa ya itikadi tumezoea kusoma Azimio, Mwongozo na hotuba za viongozi. Ni mara chache tunapoweka wimbo mezani na kuuchambua kwa uzito uleule. Matokeo yake ni kwamba kada huweza kueleza kwa ufasaha maana ya unyonyaji, lakini akiulizwa kwa nini wimbo fulani umependwa na wachukuzi wa bandari ya Mkoani na wachumaji karafuu wa Konde, hana jibu ila kusema kwamba ni burudani tu. Hilo ni pungufu. Wananchi wengi hawapati fikra zao juu ya haki na dhuluma kutoka vitabuni. Huzipata katika hotuba za misikitini, katika maongezi ya barazani, na katika nyimbo. Anayetaka kujua umma unafikiri nini hana budi ajue umma unaimba nini.

Makala hii inachambua kazi ya mwanamuziki mmoja, Remmy Ongala, aliyefariki Dar es Salaam mwezi Desemba 1985 + 25, yaani 2010, baada ya kuimba kwa zaidi ya miaka 30 katika nchi yetu. Tumemchagua kwa sababu neno lililomtambulisha, yaani "mnyonge", ndilo neno ambalo siasa ya nchi hii ililifanya msingi wake tangu 1967. Swali letu ni hili: je, mnyonge wa Remmy ndiye mnyonge wa Azimio la Arusha? Na kama si yeye, tofauti yao inatufundisha nini?

1. Rege na ubongo

Vijana wetu wanapozungumzia muziki wa kuzindua fikra, jina la kwanza wanalolitaja ni la Bob Marley wa Jamaica. Hawakosei. Marley, aliyezaliwa 1945 na kufariki 11 Mei 1981, aliuchukua muziki wa mitaa ya makabwela wa Kingston na kuufanya silaha. Wimbo wake "War" wa mwaka 1976 umejengwa juu ya hotuba aliyoitoa Mfalme Haile Selassie katika Umoja wa Mataifa mwezi Oktoba 1963, na kwa hiyo hati ya kisiasa ikapigiwa ngoma. Wimbo wake "Zimbabwe", uliotoka 1979 katika sahani ya Survival, ulitangulia uhuru wenyewe. Usiku wa kuamkia 18 Aprili 1980, bendera ya Waingereza iliposhushwa katika uwanja wa Rufaro mjini Salisbury, Marley alikuwapo na alipiga muziki mbele ya wapiganaji na wananchi. Tanzania, ikiwa miongoni mwa nchi za mstari wa mbele, ilikuwa na haki ya kuuona ushindi ule kuwa ni wake pia.

Lakini tukumbuke jambo moja. Marley aliimba katika mapambano ambayo adui wake alikuwa na jina na sura: mlowezi, mbaguzi, mkoloni. Wimbo wa namna hiyo ni mgumu kuufanyia kazi, lakini si mgumu kuuelekeza. Kazi nzito zaidi ni ya msanii anayeimba baada ya uhuru, katika nchi ambayo bendera ni yake, serikali ni yake na lugha ni yake, lakini bado mtu anasukumwa njiani kwa sababu hana kitu. Huko adui hana rangi tofauti. Huenda ni jirani, ni mwajiri, ni karani nyuma ya dirisha.

Huko ndiko aliposimama Remmy Ongala. Hakupiga rege. Alipiga dansi lenye asili ya Kongo, magitaa yakijibizana na ngoma zikisukuma kwa nguvu. Lakini alifuga nywele za rasta, na muziki wake aliuita "ubongo", maana yake muziki wa kufikiri. Kwa tamko hilo alijitenga na wale waliotaka dansi libaki kuwa dansi. Kwa hiyo, tukimtafuta katika Afrika Mashariki mtu aliyefanya kwa Kiswahili kazi iliyofanywa na rege ya Jamaica, huyu ni wa mbele.

Wapemba hawahitaji kuambiwa kwamba ngoma inaweza kubeba fikra. Kibati chetu ni majibizano ya maneno juu ya ngoma ya kasi, na mchezaji asiye na akili nyepesi hushindwa mbele ya watu. Kamange na Sarahani walikuwa washairi wa kisiwa hiki ambao beti zao zilipimwa kwa ukali wa wazo kama zilivyopimwa kwa urari wa vina. Jambo jipya kwa Remmy ni kwamba wazo alilolibeba lilikuwa la tabaka.

2. Mwanamuziki ni mfanyakazi

Remmy, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Ramadhani Mtoro Ongala, alizaliwa 1947 mjini Kindu, mashariki ya Kongo, chini ya ukoloni wa Wabelgiji. Alifika Dar es Salaam 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, bendi ya mjomba wake. Baada ya hapo aliingia Orchestra Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kama Super Matimila, na hiyo ndiyo iliyokuwa jukwaa lake kwa muda mrefu.

Tusiipite habari hii haraka, kwani ndani yake mna suala la njia za uzalishaji. Bendi za Dar es Salaam za wakati ule zilikuwa za aina mbili. Zilikuwapo bendi za taasisi za umma. NUTA Jazz, ambayo baadaye ilikuwa JUWATA, ilikuwa chini ya jumuiya ya wafanyakazi, na Vijana Jazz ilikuwa chini ya Umoja wa Vijana. Mwanamuziki wa huko alikuwa na mshahara na mwajiri aliyejulikana, na mara nyingi alitakiwa kutunga nyimbo za kuhamasisha kampeni za taifa. Aina ya pili ni bendi za watu binafsi, ambamo magitaa, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya mfanyabiashara. Mwanamuziki alileta vidole, koo na ubunifu. Mwenye mali alileta vyombo. Na mapato ya mlangoni yaligawanywa kwa kadiri ya nguvu za kila upande. Matimila ilikuwa ya aina hii ya pili.

Ongeza hapo hali ya kurekodi. Studio ya iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa ndiyo mlango mkuu. Bendi ilirekodi, kanda ikabaki maktaba, wimbo ukasikika nchi nzima, na mtunzi akabaki na sifa. Sahani nyingi za muziki wa Tanzania zilichapwa Nairobi, na faida yake ilibaki hukohuko.

Kwa hiyo Remmy alipoimba juu ya mnyonge, hakuwa akiimba juu ya watu wengine. Alikuwa mhamiaji, asiyemiliki chombo alichokipiga, anayelipwa kwa usiku. Hii ni tofauti ya msingi baina yake na msanii anayewahurumia maskini kutoka juu. Huruma ya mwenye nacho humwomba mwenye nacho mwenzake atoe sadaka. Sauti ya asiye nacho husema tu ilivyo.

3. Mnyonge ni nani?

Nyimbo zake mbili zinahitaji kusomwa pamoja: "Mnyonge Hana Haki" na "Sauti ya Mnyonge".

Litazame jina la ule wa kwanza. Ni sentensi kamili. Halisemi mnyonge amenyang'anywa haki, wala halisemi mnyonge atapata haki. Linasema hana. Ni taarifa ya hali. Ubora wake na udhaifu wake vyote viwili vimo humo.

Ubora wake ni ujasiri wa kusema hivyo katika nchi ambayo sera yake rasmi ilikuwa kwamba mnyonge ndiye mwenye nchi. Msanii alipima tamko kwa maisha, akaona pengo, akalitaja. Mwongozo wa 1971 ulikuwa umekwisha kuonya juu ya viongozi wenye majivuno na dharau kwa wanaowaongoza, na wafanyakazi viwandani waliuchukua kwa maana yake hasa. Wimbo wa Remmy unaendeleza onyo lile kwa njia nyingine. Kada anayeusikia na kuudhika hana budi ajiulize kama ameudhika kwa sababu wimbo ni wa uongo au kwa sababu ni wa kweli.

Udhaifu wake ni kwamba taarifa ya hali haielezi sababu. Azimio la Arusha liliuchukulia unyonge kuwa ni zao la historia: wanyonge wameonewa na kunyonywa, na unyonge huo unaweza kuondolewa kwa mapinduzi. Katika Azimio, unyonge una mwanzo na unaweza kuwa na mwisho. Katika wimbo wa Remmy, unyonge unakaribia kuwa maumbile ya mtu, kama urefu au ufupi.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Mchumaji karafuu wa Pemba anapanda mkarafuu tangu alfajiri, anashuka na mzigo wake, unapimwa kwa pishi, analipwa. Siku bei ikianguka, analipwa kidogo. Je, ni mnyonge? Ndiyo. Lakini kwa nini? Katika miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar kwa ajili ya sigara zake, ilifikia kujitosheleza kwa mashamba yake yenyewe, na bei katika soko la dunia ikaporomoka. Mkulima wa Wete aliyepewa eka tatu baada ya Mapinduzi ya 1964 alijikuta ana ardhi, ana miti, ana mikono, na bado hana kitu. Huku nyumbani, sehemu ya bei aliyolipwa na shirika la umma ilikuwa ndogo, na ndiyo sababu magendo ya kwenda Mombasa yalishamiri. Mtu huyu akiimbiwa kwamba mnyonge hana haki, atatikisa kichwa kwa kukubali. Lakini hatakuwa ameambiwa chochote juu ya Indonesia, wala juu ya shirika, wala juu ya ushirika wa wakulima ambao ungempa sauti ya kudai bei.

Wimbo wa pili, "Sauti ya Mnyonge", uliotoka katika sahani ya mwaka 1989, unasogea hatua moja mbele. Hapa mnyonge si mtu asiyekuwa na haki tu, bali ni mtu mwenye sauti. Tusiidharau hatua hii. Tabaka lisilosikia sauti yake lenyewe haliwezi kujipanga. Kazi ya msanii ilikuwa kumfanya mchukuzi na mpishi wa nyumba za watu wasikie kwamba taabu yao si aibu ya mtu mmoja mmoja. Kutoka hapo hadi kwenye umoja wa wafanyakazi ni safari nyingine, na si haki kumdai mpiga gitaa aifanye safari yote peke yake.

4. Kifo kama hakimu

Tangu nyimbo zake za mwanzo, "Siku ya Kufa" na baadaye "Kifo", Remmy alirudi mara kwa mara katika habari ya mauti. Wahakiki wengine wamesema huu ni ushahidi wa kukata tamaa. Sisi tunaona jambo hili lina pande mbili.

Upande mmoja, kifo katika nyimbo hizi hufanya kazi ya usawa. Tajiri na maskini, waziri na mfagiaji, wote wanachukuliwa. Kwa msikilizaji aliyesimama foleni mchana kutwa, hii ni hukumu dhidi ya majivuno ya wakubwa. Haina tofauti kubwa na mawaidha anayoyasikia Mpemba msikitini, wala na tenzi za kale za pwani zilizowakumbusha mabwana wa majumba ya mawe kwamba watalala mchangani.

Upande wa pili, usawa unaokuja kwa kifo ni usawa uliochelewa. Kama hakimu pekee wa matajiri ni mauti, basi hakuna haja ya mahakama, wala ya chama cha wafanyakazi, wala ya kura. Hapa ndipo faraja inapoweza kugeuka kasumba. Mwisho wa maisha yake, baada ya maradhi ya muda mrefu, Remmy aliliacha dansi akaimba nyimbo za Injili. Hatuihoji imani ya mtu. Tunasema tu kwamba uamuzi ule haukuwashangaza waliosikiliza nyimbo zake za mauti kwa makini, kwani njia ilikuwa imekwisha kuchorwa.

5. Soksi na ukimya

Tunafika kwenye wimbo ambao kwa maoni yetu ndio mtihani mkubwa kuliko yote, si kwa msanii bali kwetu.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ugonjwa ukasambaa kwa njia za barabara, za reli na za vyombo vya baharini. Watu walikufa huku familia zikitaja maradhi mengine. Katika hali hiyo, miaka ya 1990 ilipokuwa inaingia, Remmy alitoa "Mambo kwa Soksi". Maana ya soksi kila mtu aliifahamu: ni mpira wa kujikinga. Radio Tanzania ilikataa kuupiga. Hata hivyo wimbo ulienea katika kumbi na kwa kanda, ukawa miongoni mwa nyimbo zilizojulikana sana nchini.

Hoja za waliokataa zisipuuzwe. Walisema redio husikilizwa nyumbani, mbele ya wazee na watoto. Walisema wimbo unaweza kuchukuliwa kuwa ruhusa ya zinaa. Hapa Pemba, ambako heshima ya nyumba na sheria za dini ni nguzo za maisha, hoja hizi zina uzito mpaka leo, na kada anayezicheka haujui umma anaoutumikia.

Lakini tuzipime. Hoja ya kwanza ni ya adabu ya lugha. Wimbo haukutaja jambo lenyewe waziwazi. Ulitumia tafsida ya soksi, vazi la kila siku. Hiyo ndiyo njia ya Waswahili tangu zamani: jambo zito huvishwa fumbo ili liweze kusemwa mbele za watu. Mama wa Kipemba anayemfunda mwari hatumii njia nyingine. Hoja ya pili ni ya maadili. Sheikh anayehubiri uaminifu wa ndoa na mwimbaji anayehubiri kinga hawasemi jambo moja, lakini adui wao ni mmoja, na mtu aliyekwisha kukosea hana sababu ya kunyimwa habari itakayomwokoa yeye na mkewe asiyekuwa na kosa.

Linganisha sasa miaka. Serikali ilitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, na tume ya taifa ya kuudhibiti ikaundwa baada ya hapo. Wimbo ulikuwa umetangulia kwa takriban mwongo mzima. Katika mwongo huo mwimbaji asiyekuwa na ofisi wala bajeti alisema jambo ambalo vyombo vyenye ofisi na bajeti viliona haya kulisema. Haifai kusema kwamba wimbo mmoja ungeliokoa taifa. Inafaa kusema kwamba ukimya haukumwokoa mtu yeyote.

6. Jina la kiongozi na soko la ng'ambo

Kuna makosa mawili ambayo mwanafunzi wa itikadi anapaswa kuyatambua katika kazi hii.

La kwanza limo katika sahani ya Mambo ya mwaka 1992, ambamo wimbo mmoja ulipewa jina la "Mrema", yaani Augustine Mrema, Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati ule, aliyejulikana kwa hatua zake kali na za papo kwa papo. Mnyonge akichoka kungoja utaratibu, humtafuta mtu mmoja mwenye nguvu wa kumtetea. Ni jambo la kueleweka, lakini ni la hatari. Mwaka 1995 Mrema alikuwa amekwisha kuhamia chama kingine na akagombea urais kupitia huko. Watu huhama, hustaafu, hufa. Unyonge hubaki palepale kama haukuondolewa kwa utaratibu. Wimbo unaojengwa juu ya jina huzeeka pamoja na mwenye jina, na "Sauti ya Mnyonge" isiyotaja kiongozi yeyote inasikika kama imetungwa jana.

Kosa la pili si lake peke yake. Mwaka 1988 alikwenda Ulaya na maonyesho ya WOMAD, na 1989 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel, Uingereza, ilitoa sahani yake kwa jina la Kiingereza la Songs for the Poor Man. Tafakari ukinzani huu: nyimbo za maskini, kwa Kiswahili, zinauzwa kwa watu wasiokuwa maskini na wasiojua Kiswahili. Walichokinunua ni mdundo. Ubongo ulibaki forodhani. Lakini tusimlaumu mfanyakazi kwa kuuza kazi yake panapolipwa. Lawama iende kwenye hali iliyofanya nchi nzima iweze kumsikia bure, na nchi ya mbali ndiyo impe sahani yenye jina lake.

7. Jukumu la kada

Tukijumlisha, mnyonge wa Remmy na mnyonge wa Azimio ni ndugu lakini si mtu mmoja. Mnyonge wa Azimio anajua kwa nini ameonewa na anataka kubadili hali. Lakini katika maandishi yetu mengi amekuwa picha isiyo na jasho. Mnyonge wa Remmy ana jasho, ana njaa, anaogopa kufa, anacheka soksi. Lakini hajaambiwa atoke vipi. Msanii alifanya nusu yake kwa ukamilifu. Nusu iliyobaki haikuwa kazi ya gitaa. Ilikuwa kazi ya tawi, ya ushirika, ya darasa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wakufunzi wenzetu wa Chake Chake, Wete, Mkoani na Micheweni kwamba nyimbo hizi zisikilizwe darasani, si kama burudani ya baada ya kipindi bali kama somo. Mwanafunzi aulizwe: anayeimba ni nani, na chombo anachokipiga ni mali ya nani? Anataja hali au anataja sababu? Na wimbo ukiisha, msikilizaji anajua la kufanya kesho asubuhi, au anajua tu kwamba hayuko peke yake? Jibu la mwisho likiwa ni hilo la pili, lisidharauliwe, kwani watu wanaojua kwamba hawako peke yao ndio wanaoweza kuitwa mkutanoni.

Huko Dar es Salaam kuna kituo cha daladala kinachoitwa Sinza kwa Remmy. Hakuna kamati iliyokaa kukipa jina. Abiria na makondakta ndio waliolitaja kila siku mpaka likashika. Wanyonge wamekwisha kumpa Remmy nafasi yake. Lililobaki ni sisi tuliosoma kuwaeleza sababu ambazo yeye hakuzieleza, kwa lugha watakayoipenda kadiri walivyoipenda yake.